Minecraft kwenye simu yenye pesa: jinsi ya kuanza na watoto bila hasara

Shule zikifungwa, simu ya mzazi hupata mwenyewe mpya. Unaitafuta asubuhi umpigie fundi, unaikuta chini ya mto wa mtoto, betri imebaki asilimia 9, na kwenye skrini kuna nyumba ya vibonge vya mraba iliyojengwa juu ya mlima. Hiyo kwa kawaida ni Minecraft, na kama bado haijafika kwako, jirani atailetea watoto wako habari zake kabla likizo haijaisha.

Gemu yenyewe haina ubaya wa kutisha. Kinachotuhusu sisi watu wa malipo ni kwamba inachezwa kwenye simu ileile yenye karo ya muhula ujao, pesa za chama na hela ya stoku ya kesho. Wateja wengi hufunga vizuri mlango wa nyumba usiku, lakini simu wanaiacha wazi mchana kutwa mikononi mwa mtoto wa miaka 8. Kwa hivyo hapa tunaanza na pesa, halafu watu wasiojulikana, kisha gemu yenyewe. Tafadhali usiruke ya kwanza ukakimbilia ya mwisho.

Unanunua nini hasa

Minecraft ilianza kutolewa kwa umma mwaka 2009. Aliyeibuni ni Markus Persson wa Uswidi, na toleo kamili lilifuata Novemba 2011. Mwaka 2014 Microsoft ilinunua kampuni ya Mojang inayoitengeneza kwa dola bilioni 2.5, na kufikia 2023 nakala zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimeuzwa. Huko Ulaya imewekwa daraja la miaka 7 na kuendelea, na Marekani miaka 10 na kuendelea. Hakuna damu wala matusi ndani yake. Kuna mazombi usiku, na tutafika huko.

Sisi tunaipendelea kwa familia kwa sababu ya kifedha: unalipa mara moja ili uipate. Gemu nyingi zinazoitwa za bure hazikuchaji mlangoni, zinakuchaji ukishaingia, mia leo, mia mbili kesho, hadi mtoto anashinda akikuomba hela ya kitu kisichoonekana. Bei ya kawaida ya Minecraft ya simu huko Marekani ni dola 6.99. Play Store itakuonyesha bei kwa shilingi kabla hujalipa chochote, na hiyo ndiyo bei ya kuamini, si ya kijana aliyekuambia ana njia yake.

Hata hivyo kuna vitu viwili ndani ya gemu vinavyoweza kula pesa baadaye. Cha kwanza ni Minecoins, sarafu za humo ndani zinazonunuliwa kwa pesa halisi na kutumika kununua mavazi ya wahusika na ramani zilizotengenezwa na wengine. Cha pili ni Realms, huduma ya kulipia kila mwezi ili dunia mliyoijenga ikae mtandaoni wakati wote. Huduma hii hujilipisha yenyewe kila mwezi mpaka uisimamishe. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo unachohitaji ili kucheza. Mtoto akikuambia hawezi kuendelea bila Minecoins, muulize akuonyeshe. Utaona ni mavazi.

Funga mlango wa pesa kwanza

Play Store hapa Kenya inapokea M-Pesa na pia kadi za benki. Watu wengi huogopa njia ya simu na kuamini kadi, lakini kwa mzazi mwenye watoto hatari kubwa iko kwenye kadi. Kadi ikishahifadhiwa kwenye akaunti ya Google inabaki pale, na mtu yeyote aliye na simu hiyo anaweza kununua nayo kama hujaweka ulinzi. Haitakuuliza PIN ya benki. Utajua ukipata ujumbe wa benki, ukiwa kwenye matatu.

Ulinzi wenyewe uko ndani ya Play Store. Bofya picha yako juu upande wa kulia, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya uthibitishaji wa ununuzi, uchague uthibitisho kwa kila ununuzi. Kuanzia hapo, kila mara itadai nenosiri lako la Google au alama ya kidole.

Na hapo kwenye alama ya kidole pana tundu ambalo wazazi wengi hawalioni. Simu haijui kidole cha nani ni cha nani. Kidole chochote kilichosajiliwa kwenye simu hiyo kinakubaliwa. Kama mtoto alisajili chake ili afungue simu bila kukuamsha, basi ana ruhusa yako ya kununua, na pengine ya kufungua programu ya pesa pia, ikiwa nayo umeiruhusu ifunguliwe kwa kidole. Nenda kwenye mipangilio ya usalama ya simu leo, hesabu vidole vilivyosajiliwa. Ukikuta vitano na wewe ulisajili viwili, futa vyote uanze upya.

Lakini njia tunayoiona kuwa bora ni rahisi zaidi: nunua gemu mara moja, kisha ondoa kadi au njia yoyote ya malipo iliyobaki kwenye akaunti ya Google. Gemu haitapotea. Imeshaandikwa kwa jina la akaunti yako, na unaweza kuipakua tena hata kwenye simu nyingine ya Android yenye akaunti hiyohiyo bila kulipa mara ya pili. Siku ukitaka kununua kitu kingine utaiweka tena. Ni usumbufu wa dakika mbili, na ni huo usumbufu tunaoutaka.

Kuhusu PIN ya pesa za simu, jambo moja tu: mtoto asiijue. Tunasema hivi tukijua kwamba katika nyumba nyingi mtoto mkubwa ndiye hutumwa kulipia unga dukani kwa simu ya mama, na PIN anaijua toka darasa la nne. Kama ndivyo kwako, ibadilishe kabla ya likizo, na usitumie mwaka wako wa kuzaliwa kwa sababu huo pia anaujua. Kumbuka pia kwamba kwa aliyejiunga na Fuliza, salio kuisha hakuzuii malipo ya till au paybill. Mwenye PIN anaweza kukuacha sufuri, kisha akakuacha na deni.

Kama kuna simu ya zamani kwenye droo, hata iliyopasuka kioo, hiyo ndiyo simu ya gemu. Toa laini. Simu isiyo na laini haipokei kidirisha cha kuomba PIN wala namba za kuthibitisha, kwa hivyo tapeli hana pa kuanzia. Mtoto atatumia Wi-Fi au hotspoti ya simu yako pale tu anapohitaji.

Kama simu ni moja tu, zima data kabla hujampa. Minecraft ikishapakuliwa, mtu anaweza kucheza peke yake bila intaneti. Data ikiwa imezimwa bando haliliki, duka la Minecoins halina njia, wageni hawaingii, na wewe bado unapigiwa simu kama kawaida. Android pia ina uwezo wa kubandika programu moja kwenye skrini, ili mtoto asiweze kutoka kwenye gemu mpaka uweke namba ya kufungulia. Utaupata kwenye mipangilio ya usalama. Kwa watoto wadogo ni mzuri sana.

Minecraft ya bure, na ndugu zake

Mtoto asiyepewa hela ya gemu atatafuta mwenyewe, na atapata. Mtandaoni kumejaa faili za "Minecraft ya bure" zinazotumwa kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram. Ili kuziweka, simu inakuomba uruhusu programu kutoka vyanzo visivyojulikana. Ukisharuhusu, unaweka kitu ambacho hujui nani amekichezea. Nyingine ni gemu kweli iliyojazwa matangazo. Nyingine huomba ruhusa ya kusoma ujumbe wako mfupi, au ile ruhusa ya ufikivu inayoiwezesha programu kuona yaliyo kwenye skrini na kubofya kwa niaba yako. Gemu ya kujenga nyumba inasoma ujumbe wa M-Pesa wa nini? Ukikuta programu kama hiyo kwenye simu yako, iondoe, kisha badilisha PIN na nenosiri la barua pepe ukitumia simu nyingine.

Mtego wa pili ni wa Minecoins za bure. Kurasa hizi humwomba mtoto jina lake la kwenye gemu, halafu namba ya simu "ya kuthibitisha kwamba wewe si roboti". Baada ya muda mfupi, moja ya mambo mawili hutokea. Huenda kidirisha cha malipo kikajitokeza kwenye simu kikiomba PIN. Elewa kwamba kidirisha hicho chenyewe hakitoi pesa: mfanyabiashara yeyote mwenye mfumo huo anaweza kukutumia ombi akijua namba yako, na hakuna kinachotoka mpaka PIN iwekwe. Soma jina na kiasi, kisha bofya kughairi. Au huenda namba za kuthibitisha zikaingia kwa ujumbe, na ukurasa ukamwambia mtoto azijaze pale. Zile ni ufunguo wa akaunti yako, mara nyingi WhatsApp. Akizijaza, jioni ndugu zako wataanza kuombwa pesa kwa jina lako na picha yako.

Wa tatu ni muuzaji wa bei nafuu. Anauza Minecoins nusu bei, anataka utume pesa kwa namba yake kisha umpe jina la akaunti na nenosiri "akuwekee". Hata akiweka kweli, sasa ana akaunti. Roblox ina Robux zake na wauzaji wa aina hiyohiyo, kwa hivyo mzazi ambaye watoto wake wako huko asome aya hizi tatu kama zimeandikwa kwa ajili yake.

Mwambie mtoto kanuni moja anayoweza kuikumbuka: namba yoyote inayoingia kwenye simu ya mama au baba haitoki nje ya nyumba. Na mwambie pia kwamba akishakosea, akueleze palepale, hutamchapa. Hili la pili lina thamani ya pesa. Mtoto anayeogopa kiboko hukaa kimya siku mbili, na hizo siku mbili ndizo tapeli anazihitaji.

Pesa zikishatoka

Kama ni ununuzi wa Play Store, omba marejesho kwa Google kupitia ukurasa wa oda zako. Ndani ya saa 48 tangu kununua ndipo pana nafasi nzuri, kwa hivyo usisubiri mwisho wa mwezi. Kama ulijiunga na Realms au usajili mwingine, usimamishe kwenye sehemu ya usajili ya Play Store. Kufuta gemu kwenye simu hakusimamishi malipo, na hapa watu hukosea sana.

Kama pesa zilitumwa kwa M-Pesa kwa namba au till isiyofaa, sambaza ule ujumbe wa muamala kwenda 456 kuomba irudishwe, haraka iwezekanavyo, kabla aliyepokea hajazitoa. Ujumbe au namba ya tapeli unaipeleka 333. Kwa mitandao mingine, piga huduma kwa wateja kwa namba iliyo kwenye menyu ya laini yako, wala usitumie ile iliyo kwenye ujumbe uliotumiwa.

Watu wasiojulikana

Kucheza na wengine mtandaoni kunahitaji akaunti ya Microsoft. Mfungulie mtoto akaunti yake kwa umri wake wa kweli. Watoto hupenda kuandika walizaliwa 1998 ili mfumo usiwasumbue, na mfumo hauwasumbui kweli: unawachukulia kama watu wazima na kuwaacha wazungumze na yeyote. Akaunti ya mtoto huunganishwa na yako kama kikundi cha familia, na wewe ndiye unayeamua kama anaweza kucheza na wengine, kuandikiana nao, au kuongeza marafiki. Mwanzoni mengi ya hayo huwa yamefungwa. Yaache hivyo mpaka umwone mtoto anavyocheza.

Zipo serva kubwa za umma ambako maelfu hucheza pamoja. Kwa mtoto wa chini ya miaka 12 hatuzioni kama mahali pa kumwacha peke yake. Tatizo kubwa kwenye gemu hizi mara nyingi huanza kwa ukarimu: mtu anampa mtoto almasi, anamsaidia kujenga, kisha anamwomba wahamie WhatsApp. Kuhama huko ndiko kengele ya hatari. Ikitokea, hifadhi mazungumzo, mfungie huyo mtu, na unaweza kupiga 116, namba ya Childline Kenya, ambayo ni ya bure.

Siku ya kwanza, hatua kwa hatua

Haya, sasa gemu. Ukianzisha dunia mpya utaulizwa aina ya mchezo. Creative inakupa vifaa vyote bila kikomo na unaweza kupaa. Inafaa watoto wadogo na babu. Survival inakutaka utafute kila kitu mwenyewe, ule, na ujilinde. Kuna pia kiwango cha ugumu. Ukichagua Peaceful kwenye Survival, mazombi hawatokei na njaa haikuumi, lakini bado mnachimba na kujenga kwa jasho lenu. Tungeanzia hapo.

Gemu itakutupa porini mikono mitupu. Piga shina la mti kwa kushikilia kidole juu yake mpaka kibonge kivunjike, ukiokote. Gogo moja hutoa mbao 4. Mbao 4 hutengeneza meza ya ufundi, na hapo ndipo kila kitu kinapoanzia. Mbao 2 hutoa vijiti 4. Mbao 3 na vijiti 2 ni sururu yako ya kwanza. Kwa sururu hiyo chimba mawe, kisha tengeneza sururu ya mawe mara moja, ya mbao huvunjika upesi.

Siku nzima ya Minecraft huchukua dakika 20, na karibu dakika 10 tu ni mchana wa jua. Ukitoka Peaceful, giza likiingia usiwe nje. Chimba shimo kando ya kilima, jifungie kwa udongo, washa mwenge: kipande kimoja cha makaa na kijiti kimoja hutoa mienge 4. Kuna kiumbe wa kijani anayeitwa creeper ambaye hukujia kimyakimya kisha hulipuka, pamoja na ukuta wako. Watoto watampigia kelele, wewe utaruka kwenye kiti. Sufu 3 za kondoo na mbao 3 hutengeneza kitanda, na ukilala usiku unapita. Jambo moja la kukariri: usichimbe moja kwa moja chini ya miguu yako, kwa sababu chini kunaweza kuwa na lava, na lava hula kila ulichobeba.

Wazazi waliokulia shamba huwa wanashinda watoto kwenye kilimo. Vunja nyasi upate mbegu za ngano, tengeneza jembe, lima karibu na maji. Kibonge kimoja cha maji kinanyweshea udongo hadi vibonge 4 kila upande, kwa hivyo mfereji mmoja katikati ya shamba unatosha. Ngano ni mkate, na mkate ni kula bila kuwinda.

Simu mbili, bando sifuri

Mkiwa na simu mbili zenye gemu, mnaweza kucheza pamoja sebuleni bila kutumia data. Simu moja iwashe hotspoti, nyingine iunganishwe nayo. Kwenye simu nyingi hotspoti hufanya kazi hata data ikiwa imezimwa, kwa hivyo izime. Mwenye dunia aingie kwenye mipangilio yake, sehemu ya wachezaji wengi, aruhusu ionekane kwa walio kwenye mtandao wa karibu. Dunia hiyo itatokea yenyewe kwenye orodha ya simu ya pili. Isipotokea, mara nyingi ni kwa sababu simu moja ina toleo la zamani la gemu. Sasisha zote mbili mkiwa kwenye Wi-Fi, kisha jaribuni tena.

Gaweni kazi mapema: mmoja mawe, mmoja shamba. Na mkubaliane saa ya kuzima kabla hamjaanza, maana usiku wa Minecraft ni mfupi, na kila usiku ukipita mtoto atasema anamalizia paa.